Mngurumo wa feni ya injini

Mngurumo wa feni ya injini ni sauti nzito ya upepo inayotoka mbele ya gari wakati feni ya kupozea injini inapozunguka kwa kasi kubwa. Husikika hasa kwenye pikapu za dizeli zinapovuta tela au kupanda mlima zikiwa na mzigo. Sauti huanza ghafla, hupanda na kushuka pamoja na mzunguko wa injini, kisha hupotea yenyewe baada ya dakika chache.

Madereva wengi wanaoisikia kwa mara ya kwanza hudhani kwamba klachi ya giaboksi inateleza au turbo imekufa. Kwa kawaida si hitilafu. Ni dalili kwamba mfumo wa kupoza injini umehisi joto na umeanza kufanya kazi kwa nguvu zake zote. Hatari kubwa zaidi iko kwa gari ambalo halingurumi kabisa wakati joto linapanda, kwa sababu feni yake haishiki na injini inaweza kuchemsha.

Suala hili lina umuhimu katika maeneo yenye milima mirefu na usafirishaji wa mazao kwa magari madogo, kama vile Rujewa katika Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya, na Nyanda za Juu Kusini za Tanzania kwa jumla.

## Joto la injini na kazi ya feni

Injini ya dizeli haigeuzi nguvu yote ya mafuta kuwa mwendo. Kwa makadirio ya jumla, theluthi moja hivi au zaidi kidogo huenda kwenye magurudumu, sehemu inayokaribia hiyo hutoka na moshi kwenye ekzosi, na sehemu kubwa ya iliyobaki huingia kwenye maji yanayozunguka ndani ya injini. Maji hayo husukumwa na pampu ya maji hadi kwenye rejeta, ambako hupozwa na hewa inayopita kati ya mapezi yake.

Gari likienda kasi kwenye tambarare, upepo wa mbele pekee hutosha kupoza rejeta. Likienda polepole au likisimama huku injini inawaka, upepo huo hupungua au hukosekana. Hapo ndipo feni inapohitajika: huvuta hewa kupitia rejeta na kuisukuma nyuma kuelekea injini.

Kwenye magari mengi madogo ya saluni feni huendeshwa na mota ya umeme. Pikapu nyingi za dizeli, zikiwemo Toyota Hilux, Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70 na Isuzu D-Max, hutumia feni inayoendeshwa na injini yenyewe, mara nyingi kwa mkanda. Katika injini nyingi za aina hii feni imefungwa mbele ya pampu ya maji.

## Klachi ya feni

Zamani feni ilifungwa moja kwa moja kwenye puli ya pampu ya maji. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwenye Land Rover za miaka ya 1960 na 1970 zilizotumika sana Afrika Mashariki. Feni ya namna hiyo huzunguka wakati wote injini inapowaka, ihitajike au isihitajike. Hula nguvu na mafuta, na hupiga kelele safari nzima.

Kwenye pikapu za baadaye, kati ya puli na feni kuna kifaa cha duara cha alumini kinachoitwa klachi ya feni. Ndani yake kuna sehemu mbili zenye mifereji ambazo hazigusani, na mafuta mazito ya silikoni. Mbele yake kuna springi iliyotengenezwa kwa bamba la metali mbili tofauti. Metali hizo hutanuka kwa viwango tofauti zinapopata joto, hivyo springi hujikunja au kujikunjua.

Utendaji wake ni huu:

- Hewa inayotoka kwenye rejeta ikiwa ya ubaridi, vali ndani ya klachi hubaki imefungwa. Mafuta mengi ya silikoni hukaa kwenye chumba cha akiba. Feni huzunguka polepole kuliko puli yake na haisikiki.
- Hewa hiyo ikiwa moto, springi hugeuza vali. Mafuta huingia kwenye mifereji na, kwa sababu ya mnato wake, huiburuta feni pamoja na puli. Feni hukaribia kasi ya puli na mngurumo huanza.
- Rejeta ikipoa, springi hurudi, mafuta husukumwa tena kwenye akiba, na feni hupunguza mwendo.

Springi huhisi joto la hewa iliyokwisha kupita kwenye rejeta, si joto la injini yenyewe. Kwa hiyo kuna kuchelewa. Gari linaweza kuwa limepanda mlima kwa dakika kadhaa kabla feni haijashika, na feni inaweza kuendelea kunguruma baada ya kufika kileleni. Kuchelewa huko ni kwa kawaida.

Baadhi ya pikapu mpya zina klachi inayoamriwa na kompyuta ya injini badala ya springi. Hizo hushika mapema zaidi, lakini sauti ni ileile.

### Mngurumo wa asubuhi

Gari lililolala usiku kucha hunguruma kwa dakika moja au mbili baada ya kuwashwa, hata kama injini ni baridi. Sababu ni kwamba mafuta ya silikoni hutiririka na kuingia kwenye mifereji wakati gari limesimama. Feni hushika hadi mafuta yasukumwe tena kwenye akiba. Mngurumo huo hausababishwi na joto na hauhitaji matengenezo.

## Kwa nini sauti huwa kubwa

Kiasi cha hewa kinachosukumwa na feni hukua sambamba na kasi yake. Nguvu inayohitajika kuizungusha hukua kwa mchemraba wa kasi hiyo, na sauti nayo hupanda haraka. Mfano: dereva akipunguza gia na mzunguko wa injini ukapanda kutoka 2,000 hadi 3,000 kwa dakika huku klachi ya feni imeshika,

- hewa huongezeka kwa nusu;
- nguvu inayoliwa na feni huongezeka zaidi ya mara tatu;
- sauti hupanda kwa takriban desibeli 9, kiasi ambacho sikio la mtu huhesabu kuwa karibu mara mbili.

Feni kubwa ya pikapu iliyoshika kikamilifu inaweza kula kilowati kadhaa za injini. Ndiyo maana dereva huhisi gari limekuwa zito kidogo wakati mngurumo unapoanza.

Feni yenye mapanga 9 inayozunguka mara 3,000 kwa dakika hupitisha panga mara 450 kwa sekunde mahali pamoja, yaani hutoa mlio wa hezi 450. Watengenezaji hupanga mapanga kwa nafasi zisizolingana ili mlio huo usiwe filimbi moja bali usambae kuwa uvumi wa upepo. Kwa hiyo sauti ya feni nzima ni ya upepo. Sauti yoyote ya chuma si sehemu ya mngurumo wa kawaida.

Kuna njia rahisi ya kuutofautisha na sauti ya turbo. Sauti ya feni hufuata mzunguko wa injini: injini ikizunguka kwa kasi, feni nayo huvuma, hata mguu ukiwa umeondolewa kwenye kanyagio. Turbo hupiga mluzi mwembamba unaofuata mzigo, na hupungua mara mguu unapoondolewa.

## Athari ya kuvuta tela

Uzito wa tela haulemei injini sana kwenye tambarare kama unavyoilemea mlimani. Hesabu ifuatayo ni ya mfano, kwa pikapu ya kilo 2,000 na tela la kilo 2,500.

Pikapu peke yake ikienda kilomita 80 kwa saa kwenye tambarare huhitaji takriban kilowati 14 kwenye magurudumu. Pikapu hiyohiyo ikivuta tela na kupanda mteremko wa asilimia 6, yaani mita 6 za kupanda kwa kila mita 100 za barabara, kwa kilomita 40 kwa saa, huhitaji takriban kilowati 38. Kati ya hizo, kilowati 29 ni za kuinua uzito tu.

Kazi ya injini imekaribia mara tatu, na joto linaloingia kwenye maji limeongezeka kwa kiwango kinachofanana na hicho. Wakati huohuo mwendo wa gari umepungua kwa nusu, hivyo upepo wa mbele unaofika kwenye rejeta umepungua pia. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na kitu kingine isipokuwa feni.

Mambo mengine yanayoongeza hitaji la feni ni haya:

- Upepo wa nyuma. Gari linalopanda polepole huku upepo ukivuma kutoka nyuma hupata hewa kidogo sana kwenye rejeta.
- Kiyoyozi. Kondensa yake hukaa mbele ya rejeta na kuipasha hewa moto kabla haijafika kwenye maji.
- Turbo na kipoza hewa chake. Kwenye baadhi ya pikapu kipoza hewa cha turbo nacho hukaa mbele ya rejeta.
- Giaboksi ya otomatiki. Mafuta yake mara nyingi hupozwa kupitia rejeta ileile ya maji. Tela zito huyapasha sana.
- Mwinuko. Hewa ya mlimani ni nyepesi. Kwenye mita 1,700 juu ya usawa wa bahari uzito wa hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 15 kulinganisha na pwani, kwa hiyo kila mzunguko wa feni hubeba joto kidogo zaidi.

Mwinuko hupunguza pia kiwango cha kuchemka kwa maji, kwa takriban nyuzi moja kwa kila mita 300. Pwani maji huchemka kwenye 100 °C. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, huchemka kwenye takriban 94 °C. Kifuniko cha rejeta hurekebisha jambo hilo kwa kufungia shinikizo ndani. Kifuniko cha kawaida cha takriban kilopaskali 90 huinua kiwango cha kuchemka hadi karibu 119 °C pwani na karibu 115 °C Mbeya. Kifuniko kilicholegea hupoteza akiba hiyo yote, na maji yanaweza kuchemka wakati injini iko kwenye joto lake la kawaida la kazi.

## Rujewa na barabara za Nyanda za Juu Kusini

Rujewa ni makao makuu ya Wilaya ya Mbarali. Iko kwenye tambarare ya Usangu, katika bonde la Mto Ruaha Mkuu, karibu na barabara kuu ya TANZAM inayounganisha Dar es Salaam na Tunduma. Tambarare hiyo iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,000 hadi 1,100 na inajulikana kwa kilimo cha mpunga cha umwagiliaji.

Kwa umbo la nchi, gari linalotoka Rujewa na mzigo kwa barabara kuu hupanda upande wowote linakoelekea. Upande wa mashariki barabara hupita Igawa na kupanda hadi Makambako, zaidi ya mita 1,600, kisha Mafinga na Iringa. Upande wa magharibi hupita Chimala na Igurusi, halafu hupanda Inyala na Mlima Nyoka kuelekea Uyole na Mbeya. Gari huanza safari kwenye joto la bondeni na kukutana na mlima likiwa tayari limepata moto.

Kusini mwa Chimala kuna barabara ya Matamba inayopanda ukingo wa milima kuelekea uwanda wa Kitulo. Inajulikana kwa kona zake 57. Pikapu hupanda humo kwa gia za chini, ambapo mwendo wa gari ni mdogo na mzunguko wa injini ni mkubwa. Katika hali hiyo mngurumo wa feni huweza kudumu karibu safari nzima ya kupanda.

Mlima Kitonga, kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula katika Mkoa wa Iringa, ni mfano mwingine. Gari linalotoka Morogoro huukuta mlima huo baada ya bonde la joto, na foleni ya malori hulazimisha pikapu kupanda kwa mwendo wa lori. Dereva hawezi kuchagua mwendo wa kupata upepo; hutegemea feni.

Mazingira ya Usangu yana athari nyingine. Pumba za mpunga, mbegu za nyasi, wadudu na vumbi la kiangazi hujaa kati ya mapezi ya rejeta. Uchafu mwingi hukaa kati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta, mahali pasipoonekana kwa kuchungulia mbele ya gari. Feni ya gari lenye rejeta iliyoziba hunguruma mara kwa mara, hata bila tela, kwa kuwa springi yake hukutana na hewa chache iliyo moto sana. Kuosha rejeta kwa maji yasiyo na presha kubwa, kutoka upande wa injini kuelekea mbele, mara nyingi hurudisha ukimya wa kawaida. Presha kubwa ya mashine ya kuoshea magari hukunja mapezi.

## Mngurumo wa kawaida na dalili za hitilafu

Mngurumo wa kawaida una tabia tatu: huja baada ya mzigo au joto, mshale wa joto hubaki mahali pake, na sauti huondoka baada ya mzigo kupungua. Ikikosekana tabia mojawapo, kuna jambo la kuchunguza.

- Mngurumo usiokoma, hata asubuhi kwenye tambarare. Klachi ya feni imekwama ikiwa imeshika, au rejeta imeziba.
- Ukimya wakati mshale unapanda. Klachi imepoteza mafuta ya silikoni au springi yake imekufa. Hii ndiyo hali ya hatari zaidi. Gari huenda vizuri likiwa tupu, kisha huchemsha siku ya kwanza linapopewa tela.
- Mngurumo pamoja na mshale unaopanda. Feni inafanya kazi lakini kuna tatizo lingine: maji yamepungua, themostati haifunguki, rejeta imeziba ndani, au gasketi ya silindahedi imeungua na inapitisha gesi kwenye maji.
- Mlio mkali wa kusinya wakati wa kukanyaga mafuta. Mkanda umelegea au umechakaa.
- Sauti ya kusaga au kukwaruza. Beringi ya pampu ya maji au ya klachi ya feni imekwisha.
- Sauti ya kugonga kwa mpangilio. Panga la feni limepasuka, au linagusa kava lake kwa sababu mipira ya kushikilia injini imelegea. Gari hilo halifai kuendelea na safari, kwa kuwa panga likikatika hutoboa rejeta.

Kwenye pikapu nyingi mpya mshale wa joto umetengenezwa usisogee kwa mabadiliko madogo. Hubaki katikati kwa nyuzi nyingi za joto, na ukianza kupanda hali imekwisha kuwa mbaya. Kwa sababu hiyo sauti ya feni humpa dereva taarifa mapema kuliko dashibodi. Dereva anayejua gari lake hunguruma mlima upi hutambua mara moja siku lisiponguruma.

### Ukaguzi

Klachi ya feni hukaguliwa injini ikiwa imezimwa na ufunguo umetolewa. Feni ikizungushwa kwa mkono inatakiwa kuwa nzito kidogo na kusimama karibu mara moja. Ikizunguka mara kadhaa yenyewe, mafuta ya silikoni yamekwisha. Muda mfupi baada ya kuzima injini iliyopata moto sana, inatakiwa kuwa nzito zaidi. Alama za mafuta meusi yaliyotapakaa kutoka katikati ya klachi zinaonyesha kuvuja. Feni ikichezacheza mbele na nyuma, beringi imekwisha.

Baadhi ya klachi zinaweza kufunguliwa na kuongezwa mafuta ya silikoni yenye mnato uliowekwa na mtengenezaji. Mafuta ya injini hayawezi kuchukua nafasi yake kwa sababu mnato wake ni mdogo sana na hupungua zaidi kwa joto.

Kujaribu kusimamisha feni inayozunguka kwa gazeti lililokunjwa, kitambaa au fimbo ni hatari. Klachi iliyoshika haitaachia, na mkono unaweza kuvutwa ndani.

## Marekebisho ya kienyeji na matokeo yake

Kelele za feni na hofu ya kuchemsha zimezaa marekebisho kadhaa yanayofanywa na mafundi na wenye magari. Mengine husaidia kufika nyumbani, lakini huleta matatizo yakiachwa.

Kufunga klachi moja kwa moja. Klachi hupigwa bolti au kuchomelewa ili feni izunguke na puli wakati wote. Gari halichemshi kwa kukosa feni, lakini hunguruma daima, hutumia mafuta zaidi, na beringi ya pampu ya maji hubeba mzigo mkubwa kila injini inapokimbizwa. Ni msaada wa muda.

Kutoa themostati. Wengi huamini kwamba maji yakipita bila kizuizi injini itapoa zaidi. Injini isiyo na themostati huchelewa kupata joto, hutumia mafuta mengi na huchakaa haraka, hasa kwenye baridi ya Mbeya, Njombe au Makete. Katika injini nyingi themostati pia huziba njia ya pembeni inapofunguka. Ikitolewa, sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari huchemsha zaidi likiwa na mzigo.

Kuweka feni ya umeme. Feni ya umeme ya volti 12 inayotumia ampea 30 hupata wati 360 tu. Feni ya injini iliyoshika hutumia kilowati kadhaa. Feni ya umeme ya gari dogo inaweza kutosha mjini, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya feni ya injini kwa pikapu inayovuta tela mlimani.

Kuondoa kava la feni. Kava la plastiki linaloizunguka feni huondolewa ili kurahisisha kazi ya fundi, na mara nyingine halirudishwi. Bila kava, feni huzungusha hewa ileile ya moto kwenye ncha za mapanga badala ya kuivuta kupitia rejeta yote. Kelele hubaki, upoaji hupungua.

Kujaza maji matupu. Maji ya mtoni au ya bomba huleta kutu na ukoko ndani ya rejeta. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi huzuia kutu, huinua kiwango cha kuchemka kwa nyuzi kadhaa, na huzuia maji kuganda kwenye usiku wa jalidi katika uwanda wa Kitulo.

## Uendeshaji wakati wa kuvuta tela

Kasi ya feni na ya pampu ya maji hutegemea mzunguko wa injini. Dereva anayelazimisha gia kubwa ili kuepuka kelele hupata mzunguko mdogo, maji yanayotembea polepole na feni dhaifu, huku mafuta mengi yakichomwa. Kupunguza gia mapema huongeza kelele lakini huongeza upoaji pia. Kupunguza mwendo huku ukibaki kwenye gia ya chini hupunguza joto linalozalishwa bila kuidhoofisha feni.

Joto likipanda licha ya mngurumo, hatua za kawaida ni kuzima kiyoyozi na kuwasha hita kwa nguvu zote, kwa kuwa hita ni rejeta ndogo ya ziada. Mshale ukiendelea kupanda, gari husimamishwa mahali salama nje ya barabara, magurudumu ya pikapu na ya tela huwekewa vizuizi, na pembetatu za tahadhari huwekwa mbele na nyuma. Ikiwa maji hayavuji na mshale haujafika kwenye alama nyekundu, injini huachwa iwake bila mzigo kwa mzunguko wa juu kidogo ili feni na pampu ziendelee kutoa joto. Kuizima ghafla husimamisha vyote viwili wakati chuma kingali na moto mwingi. Ikiwa maji yanamwagika, mkanda umekatika au mshale umefika kwenye nyekundu, injini huzimwa mara moja.

Uzito wa tela nao una kikomo. Katika masoko mengi Hilux mpya za magurudumu manne yanayovuta huruhusiwa tela lenye breki la hadi kilo 3,500, lakini tela lisilo na breki zake hadi kilo 750 tu. Uwezo wa feni kuipoza injini mlimani si uthibitisho kwamba breki za pikapu zitalishikilia tela hilo kwenye mteremko wa upande wa pili.

## Usalama

Injini iliyochemsha huweza kupinda silindahedi na kuunguza gasketi, na gharama yake huwa kubwa kuliko ya klachi ya feni na themostati kwa pamoja. Gari lililozimika kwenye kona ya Kitonga au Inyala huwa hatari pia kwa wengine, kwa sababu malori yanayoshuka hayana nafasi ya kulikwepa.

Ajali ya kawaida zaidi hutokea baada ya gari kusimama. Maji ndani ya rejeta iliyofungwa yanaweza kuwa na joto la zaidi ya 100 °C bila kuchemka, kwa sababu ya shinikizo. Kifuniko kikifunguliwa, shinikizo hupotea na maji hugeuka mvuke papo hapo, yakirukia uso, shingo na mikono ya aliyefungua. Kumwagia kifuniko maji ya baridi au kukishika kwa kitambaa hakuondoi hatari hiyo. Kifuniko hufunguliwa pale tu mpira wa juu wa rejeta unapoweza kushikwa kwa mkono na ukibonyea bila kukaza. Maji ya baridi hayamiminwi kwenye injini iliyokauka ikiwa bado ya moto, kwa kuwa chuma huweza kupasuka.

Mavazi yanayoning'inia, kanga, tai na nywele ndefu hazipaswi kukaribia feni wakati boneti iko wazi. Kwenye magari yenye feni ya umeme, feni inaweza kuwaka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

## Tazama pia

- Injini ya dizeli
- Rejeta
- Tela
- Rujewa
- Wilaya ya Mbarali
- Mlima Kitonga
- Barabara kuu ya TANZAM